Mji Usife Kabla ya Kitabu Kuisha: Ushauri kwa Anayeandika Riwaya ya Kutisha

Swali ninaloulizwa na waandishi chipukizi kuliko yote ni hili: "Riwaya yangu ya kutisha inaanza vizuri, kila anayesoma sura za mwanzo anasisimka, lakini ikifika katikati inapoa. Nifanye nini?" Wengi wanaouliza wameiweka hadithi yao katika mji mdogo: mji wa pwani wenye magofu, mji wa mgodi uliofungwa, mji wa stesheni ambako treni haisimami tena. Wamechagua vizuri. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake ndipo woga unapoota mizizi.

Kosa linaloua miswada hii karibu kila mara ni moja. Mwandishi anauacha mji wake mapema mno. Jinamizi likishajitokeza, muuza maziwa, dereva wa basi na mama anayechungulia dirishani wanatoweka kwenye kurasa, wanabaki mashujaa wanne au watano wakimkimbiza adui. Hapo woga umegeuka msako, na msako hautishi.

Nitalieleza jambo hili kwa kutumia riwaya moja iliyobeba uzuri wote wa aina hii ya uandishi pamoja na udhaifu wake: 'Salem's Lot ya Stephen King, iliyotoka Marekani mwaka 1975. Ni kitabu ninachokipenda kwa dhati, na ndiyo maana nataka ukione kilipopwaya.

Kwanza, soma ukiwa na penseli

Hiki kilikuwa kitabu cha pili cha King kuchapishwa, baada ya Carrie ya 1974. Alikuwa mwalimu wa sekondari katika jimbo la Maine, akiwafundisha wanafunzi Dracula ya Bram Stoker, riwaya ya 1897, akajiuliza ingekuwaje kama yule mnyonya damu wa kale angehamia mji mdogo wa Marekani ya siku zake. Akaubuni mji wa Jerusalem's Lot, wenye watu wapatao 1,300. Mwandishi Ben Mears anarudi katika mji huo alikoishi utotoni, akiwa na nia ya kuandika kuhusu nyumba mbaya iliyo juu ya kilima, Nyumba ya Marsten. Anakuta imeshanunuliwa na wageni wawili, Straker na Barlow. Barlow ndiye mnyonya damu.

Kama Kiingereza chako kinaruhusu, kitafute kitabu chenyewe. Filamu hazitoshi. Ile ya televisheni ya mwaka 1979 aliyoiongoza Tobe Hooper ina matukio ya kutisha kweli, na nyingine ilitoka mwaka 2024, lakini muda wa filamu humlazimisha mwongozaji kuwapunguza watu wale wale wa mji ambao wewe unataka kujifunza kwao.

Unaposoma, fanya hivi:

- Weka alama pembeni kila anapotajwa mtu wa mji asiyekuwa katika kundi la mashujaa.
- Andika kwa neno moja anafanya nini wakati huo: anakamua, anachimba kaburi, anapiga simu.
- Weka alama tofauti pale ulipojikuta unaruka mistari ili ufike mbele.

Ukimaliza, linganisha alama hizo. Utaona kwamba unaruka mistari hasa kwenye kurasa ambazo watu wa mji hawamo.

Kinachoufanya mwanzo ushike

Mapema katika riwaya kuna sura ambayo haina shujaa mmoja. Inausimulia mji kwa siku moja, saa baada ya saa, kuanzia alfajiri ng'ombe wakikamuliwa. Anapita muuza maziwa. Mike Ryerson, mtunza makaburi, anakuta mbwa ametundikwa kwenye geti la makaburi. Charlie Rhodes, dereva wa basi la shule, anawatawala watoto kwa mkono wa chuma. Sandy McDougall, mama kijana aliyechoka, anampiga mtoto wake mchanga. Dud Rogers analinda dampo na kupiga panya risasi. Mabel Werts yupo dirishani na darubini yake, simu ikiwa karibu.

Hakuna mnyonya damu katika kurasa hizo, na bado nywele zinasimama. Tunaona kwamba mji huu ulikuwa na maovu yake madogo kabla mgeni hajafika. Angalia pia mgeni huyo alivyoingia. Larry Crockett, dalali wa nyumba na viwanja, anamuuzia Straker Nyumba ya Marsten pamoja na jengo la dobi lililofungwa kwa dola moja, kwa kuwa chini ya meza amepewa ardhi yenye thamani kubwa kule Portland, kwa sharti la kufunga mdomo. Mlango ulifunguliwa na mwenyeji, kwa tamaa ya kawaida kabisa ambayo wewe nami tumeiona ikifanya kazi katika ofisi za ardhi.

Kabla hujaandika neno moja kuhusu jinamizi lako, andaa daftari la mji:

1. Andika watu kumi au zaidi ambao hawatakuwa mashujaa. Anza na kazi zinazomfanya mtu apite kwenye nyumba za wengine: muuza maziwa, dereva wa bodaboda, mama ntilie, mjumbe wa nyumba kumi, mwenye mashine ya kusaga, muuguzi wa zahanati, mchimba makaburi, mwalimu wa madrasa, katekista.
2. Kila mmoja mpe jambo analolificha. Dogo linatosha: deni, barua, mtoto asiyemtambua.
3. Kila mmoja mpe saa yake. Nani yuko macho saa tisa usiku, na kwa nini?
4. Chora ramani: kisima, msikiti, kanisa, kituo cha basi, njia ya mkato ambayo watu hawaipiti jioni.
5. Amua nani alimfungulia jinamizi mlango, na alilipwa nini.

Usiivuke hatua ya tano. Jinamizi lililoanguka tu kutoka angani litamtisha msomaji kwa sura moja, basi.

"Lakini msomaji atachanganyikiwa na majina mengi"

Pingamizi hili nalisikia kila mara, na lina haki yake. Dawa ni kumtambulisha mtu kwa kazi na tabia kabla ya jina. Msomaji husahau "Hamisi", lakini hamsahau kinyozi anayeongea na wateja wafu. Mrudishe mtu huyo baada ya kurasa chache, akiwa mahali pale pale na chombo kile kile mkononi. Ukishamrudisha mara mbili, msomaji atamsubiri. Na usiwaingize wote kwa mkupuo. Wawili au watatu kwa sura wanatosha.

Pingamizi la pili: "Wasomaji wa siku hizi wanataka mambo ya haraka, tumezoea hadithi za simu." Kurasa za mji si lazima ziwe za polepole. Kila tukio katika siku ile ya Jerusalem's Lot ni fupi, mengine kurasa chache tu, na kila moja lina jambo baya linalotokea au linalokaribia. Ukiandika ukurasa wa mama ntilie ambao hauna hata jambo moja lililokaa vibaya, huo ni maelezo ya mandhari, nao ukate.

Katikati: hapa ndipo panapohitaji jasho

Kuelekea katikati, 'Salem's Lot ina matukio ambayo sijaona mengi yanayoyafikia. Mike Ryerson anafukia kaburi la mtoto Danny Glick jua likizama, na hawezi kuondoa wazo kwamba macho ya mtoto yako wazi ndani ya jeneza. Baadaye Danny anaelea nje ya dirisha la mvulana Mark Petrie usiku, akiomba afunguliwe. Mark anajiokoa kwa msalaba mdogo wa plastiki uliotoka kwenye vinyago vyake vya majitu. Mtoto aliyesoma hadithi za kutisha anaamini upesi kuliko watu wazima, na hilo ndilo linalomwokoa.

Kisha linaundwa kundi. Mwalimu Matt Burke amelazwa hospitalini akisoma vitabu vya wanyonya damu na kuwaeleza wenzake kanuni za viumbe hao. Kuna daktari Jimmy Cody, padri Callahan, Ben, Mark. Vinachongwa vigingi vya mti, maji ya baraka yanagawanywa, mipango inapangwa na kupangwa upya. Susan Norton, mpenzi wa Ben, ambaye tangu mwanzo hakupewa nafsi ya kutosha, anakwenda kwenye Nyumba ya Marsten mchana bila msaada wa kutosha na kunaswa. Kifo chake kinapaswa kutuvunja moyo, lakini kwa sehemu kubwa kinamvunja Ben tu, kwa sababu sisi hatukumjua vya kutosha. Kurasa hizi zinasomeka, ila zinaenda kwa kanuni: msomaji anajua sheria za mchezo na anasubiri zitekelezwe.

Lakini kila mji unaporudi, kitabu kinafufuka. Charlie Rhodes anasikia honi ya basi lake usiku, anatoka kwa hasira kwenda kuwaadhibu watundu, anawakuta wale wale watoto ndani wakimngoja. Sandy McDougall anajaribu kumlisha mtoto wake aliyekwisha kufa kana kwamba yu hai. Parkins Gillespie, askari wa mji, anafungasha na kuondoka kwa maneno ya mtu aliyekata tamaa zamani. Kila tukio kati ya hayo linatisha kuliko mkutano wowote wa mashujaa, kwa kuwa lilipandwa mapema. Tulimwona Charlie akiwaonea watoto. Tulimwona Sandy akinyanyua mkono. Sasa jambo lile lile limewarudia.

Basi, jifunze kuzitambua dalili za katikati kupoa. Pitia mswada wako utafute haya:

- Sura mbili mfululizo ambazo mashujaa wamekaa wakielezana jinamizi ni nini na linauawaje.
- Mtaalamu mzee, mganga au profesa anayejua kila kitu na anayejibu maswali ya msomaji badala ya kuishi.
- Mtu mzima mwenye akili anayekwenda peke yake kwenye nyumba mbaya kwa sababu hadithi inataka aende.
- Soko, shule na nyumba za ibada havijatajwa kwa muda mrefu, na hujui vinaendeleaje.
- Wanaokufa ni watu tuliokutana nao ukurasa uliotangulia.

Tiba yake ni kazi ya mikono. Chukua daftari la mji, na kwa kila mtu jibu swali moja: jinamizi lilipofika, jambo alilolificha liligeukaje? Mwenye deni hadaiwi tena, na anafurahi kwa siri. Muuguzi anaona majeraha yale yale kwa mara ya tatu na kuyaandika "malaria" kwa sababu anaogopa mkubwa wake. Majibu hayo ndiyo sura zako za katikati. Baada ya kila sura mbili za mashujaa, toa moja kwa mji. Uwiano huo si sheria, lakini kwa rasimu ya pili unafaa sana.

Angalia watu wanavyofanya wakiogopa

Woga wa mji una mwenendo wake, na kwetu hatuhitaji kuubuni kutoka hewani. Mwaka 1995, uvumi wa Popobawa, kiumbe kinachosemekana kushambulia watu usiku, ulipoenea Pemba na Unguja, watu walitoka majumbani wakalala nje, ndugu na majirani pamoja, moto ukiwaka. Huenda hata watu waliokuwa wamenuniana walilala ubavu kwa ubavu. Fikiria mwandishi anaweza kufanya nini na uwanja huo usiku: nani analala karibu na nani, nani amebaki ndani na kwa nini, nani anasema ameona ili aheshimiwe. Uvumi wa mumiani na wazimamoto wanaonyonya damu, uliotembea Nairobi, Kampala na kwingineko enzi za ukoloni, nao ulihusu gari fulani, jengo fulani, kazi fulani iliyolipwa na mzungu.

Chukua kutoka huko mwenendo wa watu. Vifo vya kweli na majina ya waliopatwa usivichukue. Wenye misiba yao wapo.

Onyo ambalo silipunguzi

Usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi wa kitabu chako, kisha mji umwue na msomaji ashangilie. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni miaka mingi yakafanywa ushahidi. Kilifi wazee wameuawa vilevile. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani kwamba viungo vyao vina utajiri. Riwaya inayothibitisha kwamba kundi lilikuwa sahihi inaweka uzito upande wa wauaji.

Uchawi unaandikika. Thomas Olde Heuvelt, Mholanzi, alifanya hivyo katika HEX, riwaya iliyotoka kwa Kiholanzi mwaka 2013. Toleo la Kiingereza la 2016 alilihamishia Marekani, katika mji wa kubuni wa Black Spring, na kuubadilisha mwisho wake. Mchawi aliyeshonwa macho na mdomo anatembea mjini tangu karne ya 17, anatokea hata sebuleni, na familia moja inamfunika uso kwa kitambaa cha jikoni ili iendelee na chakula. Wenyeji wanamfuatilia kwa kamera na programu ya simu, na hawawezi kuhama. Kitabu hiki nacho hakikai sawa: nusu ya kwanza ina utulivu wa kutisha, nusu ya pili inajaa vurugu mpaka hisia zinachoka. Lakini swali lake linabaki imara hadi mwisho: kati ya mwanamke yule na watu wanaomzunguka, ukatili uko wapi zaidi? Ukiandika uchawi, andika na hukumu ya mji, na uionyeshe inavyofanya kazi, nani anaianzisha na nani anafaidika nayo.

Adui asijieleze

Kwa hili nitasema machache. Barlow anatisha zaidi akiwa jina kwenye bango la duka la samani za kale. Anapoanza kuwaandikia mashujaa barua ndefu ya majivuno, anapungua. Miaka mingi baadaye, katika It ya 1986, King aliujenga mji wa Derry kwa ustadi mkubwa kuliko huu, akiweka kati ya sehemu za kitabu kumbukumbu za maovu ya mji zilizoandikwa na mkutubi Mike Hanlon, watu wazima wakigeuza nyuso wasione. Kisha mwishoni kile kitu kinaonekana kwa umbo la buibui mkubwa, na wasomaji wengi wamelalamika tangu hapo. Mpe adui wako sentensi chache. Akionekana mzima, aonekane kwa muda mfupi, na machoni pa mtu mwenye la kupoteza.

Mwisho

'Salem's Lot inaanza kwa kutueleza kwamba mji umekwisha. Katika dibaji, mwanamume na mvulana wanatangatanga mbali na kwao mpaka wanavuka kuingia Mexico, huku mwanamume huyo akisoma gazetini kuhusu mji uliobaki mahame. Taharuki haikupungua kwa sababu hiyo. Tuliujua mwisho tangu mwanzo na bado tuliwahesabu watu mmoja mmoja kwa uchungu. Kwa hiyo usihangaike kuuficha mwisho. Hangaika msomaji ajue kilichopotea. Barlow anauawa, lakini mji hauponi, na mwishoni Ben na Mark wanarudi kuuwasha moto. Mwandishi aliyeua jinamizi na kuurudisha mji kama ulivyokuwa, harusi ikafuata, amefuta kila alichokijenga.

Kabla ya kuupeleka mswada kwa mchapishaji

Katika rasimu ya kwanza ya 'Salem's Lot, Jimmy Cody aliuawa na panya. Mhariri wa King, Bill Thompson, akamwomba akibadilishe kifo hicho, naye akakibadilisha. Katika kitabu kilichochapishwa Jimmy anashuka gizani kwenye ghala la chini, ngazi zimeondolewa, visu vinamngoja. Ni kifo kifupi, kibaya vya kutosha, na hadithi inasonga. Mwandishi mwenye vitisho vingi kichwani anahitaji mtu wa kumwambia kipi kinazidi.

Mtafute msomaji wa namna hiyo, na kama inawezekana awe mtu wa mji unaofanana na wako. Usimuulize kama ameogopa. Atakujibu kwa adabu. Muulize haya:

- Nitajie watu watano wa mji huu ambao si mashujaa.
- Kifo cha nani kilikuuma? Cha nani hukukijali?
- Ulitamani kuruka wapi?
- Kati ya watu wote hawa, nani alikuwa akijua, akanyamaza?

Akishindwa swali la kwanza, acha kila kitu kingine, rudi kwenye daftari la mji. Akiweza la kwanza lakini akakosa la nne, una mji mzuri ambao bado hauna hatia, na kazi iliyobaki ni kutafuta nani alifungua mlango.